Tushindilie kama Pamba, Tusikamue kama Muwa

Katika kurasa hizi za Kiswahili tumezoea kusoma habari za mpira, za midahalo, na za safari za wanafunzi wa jiografia. Leo naomba nafasi ya kusema juu ya jambo ambalo wengi hudhani ni la mafundi wa kompyuta peke yao, yaani kubana mafaili makubwa na kuyagawa vipande ili yapate kutumwa au kuwekwa akiba.

Sababu ya kulisema sasa ni hii. Chama cha wanafunzi wa zamani kina nia njema ya kuyaskani magazeti yote ya shule yetu, tangu lile la kwanza, pamoja na picha zilizomo katika kabati la maktaba. Nia hiyo naisifu kwa moyo wote. Lakini yamesikika pia mashauri mawili yanayonitia hofu. La kwanza, kwamba kila kitu kitiwe katika faili moja na kubanwa mpaka liwe dogo la kuenea katika simu. La pili, kwamba kazi ikiisha makaratasi yenyewe yatupwe, kwa kuwa mchwa wameanza kuyala, na kabati lahitajiwa kwa kazi nyingine.

Mimi ni mwanafunzi tu, na najua kwamba si desturi ya mdogo kuwapangia wakubwa. Hata hivyo nasema kwa heshima: mashauri hayo mawili yakifuatwa, tutapoteza mali yetu huku tukidhani tunaihifadhi. Maana kubana kuko kwa namna mbili, na kugawa vile vile kuko kwa namna mbili, na kila namna ina mahali pake.

Tuanze na kubana. Sisi wa Uganda twaijua pamba. Ikisha kuchambuliwa kiwandani, hutiwa katika mashine ikashindiliwa mpaka ikawa robota gumu kama gogo. Marobota mengi sana ya namna hiyo yalipakiwa katika gari la moshi kwenda Mombasa, na meli zikayachukua ng'ambo. Huko robota likikatwa mikanda yake, pamba hufumuka ikawa pamba ile ile. Muwa nao twaujua. Hupelekwa kiwandani, kama vile Kakira au Lugazi, ukasagwa na kukamuliwa. Sukari itokayo ni tamu, na huingia katika mfuko mdogo. Lakini hapana fundi duniani awezaye kuichukua sukari ile akaifanya muwa tena.

Kompyuta nayo hufanya hayo mawili. Kuna kubana kwa kushindilia, ambako faili likifunguliwa hurudi kama lilivyokuwa, herufi kwa herufi. Kuna na kubana kwa kukamua, ambako mashine huchagua la kubaki na la kutupwa, na kilichotupwa hakirudi.

Mtu aweza kuuliza, yawezekanaje kitu kipungue kisha kirudi kizima? Tutazame methali yetu: haraka haraka haina baraka. Ukihesabu herufi na nafasi kati ya maneno, ni alama 26. Kwa desturi kompyuta huandika kila alama kwa biti 8, basi methali nzima ni biti 208. Lakini tazama: katika herufi zake 23, herufi «a» peke yake imetokea mara 11. Kwa nini «a» itozwe nauli sawa na «b» iliyotokea mara moja tu? Tukiipa «a» alama fupi ya biti 1, na herufi za nadra tukazipa alama ndefu, methali yote yaweza kuandikwa kwa biti 67, yaani chini kidogo ya theluthi, bila kuhesabu ufunguo wa kuisomea. Mwanafunzi apendaye hesabu na ajaribu kwa kalamu, ataona ni kweli.

Fikira hii si ngeni. Katika simu ya upepo ya zamani, alama za Morse ziliipa herufi E nukta moja tu, kwa kuwa Kiingereza huitumia mno. Laiti Morse angalikuwa Mswahili, bila shaka nukta ile ingalipewa A.

Njia bora ya kugawa alama hizo haikupatikana upesi, na habari ya kupatikana kwake yafaa ijulikane na kila mwanafunzi. Mwaka 1951, katika chuo cha MIT huko Marekani, mwalimu Robert Fano aliwapa wanafunzi wake hiari: ama wafanye mtihani wa mwisho, ama waandike insha juu ya njia bora ya kuandika herufi kwa alama za biti. Hakuwaambia kwamba swali hilo lilikuwa limemshinda yeye mwenyewe, pamoja na bingwa Claude Shannon, aliyeanzisha elimu hiyo kwa maandishi yake ya mwaka 1948. Mwanafunzi mmoja, David Huffman, alihangaika nalo mpaka akakaribia kukata tamaa na kurudi kujisomea mtihani. Ndipo jibu likamjia: wenzake wote walianza juu wakashuka, kumbe yafaa kuanza chini, na zile herufi mbili za nadra kuliko zote, kisha kupanda. Akalichapisha mwaka 1952, na mpaka leo njia yake inatumika ndani ya kompyuta na simu zetu. Basi mwalimu akiwapa swali gumu, msikimbilie kusema halina jibu.

Iko na njia ya pili ya kushindilia, nayo waliieleza Abraham Lempel na Jacob Ziv katika maandishi yao ya mwaka 1977 na 1978. Wao walisema: neno lililokwisha kuandikwa lisiandikwe tena, bali msomaji aambiwe arudi nyuma alichukue. Katika methali yetu, ukisha kuandika «haraka» mara moja na nafasi yake, unasema tu: rudi nyuma hatua 7, chukua alama 9. Utapata «haraka» ya pili, nafasi, na hata «ha» ya mwanzo wa «haina». Ukifika kwenye «baraka», andika «b», kisha useme: rudi nyuma hatua 13, chukua herufi 5. Hapana kilichopotea. Mafaili ya zipu, ambayo Bwana Phil Katz aliyatoa mwaka 1989 na ambayo kila mmoja wetu amekwisha kuyaona, huunganisha maarifa haya mawili.

Sasa tutazame kukamua. Picha nyingi za simu ni za mtindo uitwao JPEG, uliotolewa kuwa kanuni mwaka 1992. Mashine huikata picha katika vijisanduku vya pikseli 8 kwa 8, ikatunza yale ambayo jicho la binadamu huyaona upesi, na kutupa mabadiliko madogo madogo ambayo jicho haliyajali. Nyimbo za MP3 hufanyiwa vivyo hivyo kwa ajili ya sikio. Sisemi kwamba jambo hili ni baya. Bila hilo tusingalitumiana picha hata moja kwa bando tulizo nazo. Nasema tu kwamba ni muwa uliokamuliwa. Na kila mara picha ya JPEG inapofunguliwa, ikakatwa pembeni, ikahifadhiwa upya, hukamuliwa tena. Wahenga walisema: bandu bandu huisha gogo.

Mwaka jana alifariki mwalimu mmoja aliyefundisha hapa miaka mingi. Ilitakiwa picha yake ya kuwekwa mbele ya waombolezaji. Ile iliyopatikana ilikuwa imepita katika simu za watu wengi, na kila mmoja ameipunguza kidogo. Ilipokuzwa, uso wake ukawa kama vigae vya sakafuni. Picha yenyewe ya karatasi ilikuwepo zamani, lakini aliyekuwa nayo aliitupa baada ya kuipiga kwa simu, akisema nakala anayo. Wanafunzi wake wa zamani walitoka mbali kuja kumwaga, wakasimama mbele ya picha wasiyaone macho yake.

Hata hivyo, picha iliyofifia ina wema mmoja: hukiri kwamba imefifia. Hatari kubwa zaidi ni kukamua kunakosema uongo kwa sauti ya kweli. Mwaka 2013 Mjerumani mmoja, Bwana David Kriesel, alitangaza jambo la ajabu. Ramani ya nyumba ilikuwa imepitishwa katika mashine ya Xerox ya kunakili na kuskani. Katika ramani vyumba vitatu vilikuwa na eneo la mita za mraba 14.13, 21.11 na 17.42. Katika nakala vyote vitatu viliandikwa 14.13, na maandishi yalikuwa safi, hayana doa. Sababu ilikuwa ni kubana. Ili kuokoa nafasi, mashine ilitunza kipande kimoja cha picha na kukitumia tena mahali pengine ilipodhani pamefanana. Katika karatasi nyingine tarakimu 6 iligeuka ikawa 8. Kampuni ilitoa marekebisho mwaka ule ule, lakini mashine za namna hiyo zilikuwa zimekwisha kufanya kazi maofisini kwa miaka.

Ndugu zangu, magazeti yetu ya zamani yamejaa nini kama si tarakimu? Mna matokeo ya mitihani, mabao ya mpira, rekodi za mbio, na miaka ambayo watu waliingia na kutoka shuleni. Tukiyakamua kupita kiasi kisha tukayatupa makaratasi, 6 ikigeuka 8 ni nani atakayesahihisha? Waliokuwapo wanapungua mwaka hata mwaka.

Hapo mtu atasema: maneno yako ni mazuri, lakini mafaili makubwa hayana pa kukaa. Tuhesabu. Ukurasa wa A4 ukiskaniwa kwa kipimo cha nukta 300 kwa kila inchi, una pikseli 2480 kwa 3508. Kila pikseli ya rangi hutumia baiti 3, basi ukurasa mmoja bila kubanwa ni kama megabaiti 26. Tuseme gazeti lina kurasa 48: ni kama gigabaiti 1 na robo. Tuseme magazeti yako 40: ni gigabaiti 50. Ni kitu kikubwa kwa simu, hapana shaka. Lakini diski ya nje ya terabaiti 1, ambayo huingia katika mfuko wa shati, yaweza kuyabeba yote hayo mara 20. Na tukiyashindilia kwa mtindo kama wa PNG, usiotupa kitu, yatapungua tena. Basi udogo wa nafasi si sababu ya kuyakamua yale ya asili. Sababu hiyo ilikuwa ya kweli siku za diski za flopi, zilizobeba megabaiti 1.44 tu.

Kutuma ni jambo jingine. Bando ni ghali kwa mwanafunzi, na kodi imo ndani yake. Mwaka 2018 nchi yetu ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa watumiaji wa mitandao ya kijamii, na mwaka 2021 kodi ile ikaondolewa, ikawekwa asilimia 12 juu ya bando za intaneti. Kwa hiyo sitaki mwanafunzi wa zamani aliyeko Gulu au Kabale apakue gigabaiti 50 ili amwone babake katika timu ya mpira. Yeye na atumiwe nakala ndogo, iliyokamuliwa kwa kiasi, ya ukurasa anaoutaka. Akiona mwenyewe kwamba nakala ile haitoshi, ajue kwamba ya asili iko mahali fulani, nzima. Tukiiuza sukari, tusiling'oe shamba.

Na sasa kugawa. Watu hugawa faili kwa sababu njia ni nyembamba. Barua-pepe nyingi hazipokei zaidi ya megabaiti 25 au karibu yake. WhatsApp ilikuwa haipitishi faili lililozidi megabaiti 100, na mwaka 2022 ikapandisha kikomo hadi gigabaiti 2. Flashi nazo, nyingi zimeandaliwa kwa mtindo uitwao FAT32, ambao huandika ukubwa wa faili kwa namba ya biti 32. Namba hiyo haiwezi kupita 4,294,967,295, kwa hiyo faili la gigabaiti 5 hukataliwa hata kama flashi ni tupu na ina nafasi ya gigabaiti 64. Wengi huilaumu flashi wakaitupa, kumbe haina kosa.

Dawa yake ni programu kama 7-Zip, ambayo Mrusi Igor Pavlov aliitoa mwaka 1999 na ambayo haina malipo. Unaiambia ukubwa wa kipande, nayo hulikata faili na kuvipa vipande majina ya mfululizo: 001, 002, 003. Mpokeaji huviweka vyote katika folda moja, akafungua cha kwanza, navyo huungana. Kwa kutuma, njia hii ni njema sana. Haba na haba hujaza kibaba: leo kipande kimoja, kesho kingine, na njia ikikatika katikati hurudii ila kile kimoja kilichokatika.

Lakini kukata kwa kisu namna hiyo ni kama kuichana barua vipande vitano na kuwapa wasafiri watano. Mmoja asipofika, wanne waliofika hawana habari kamili ya kukupa. Faili moja la gigabaiti 50 lisilopungua, likikatwa ili lienee katika flashi za FAT32, ni vipande visivyopungua 12. Kikiharibika kimoja tu baada ya miaka kumi, aghalabu programu itakataa kufungua, na magazeti 40 yatakuwa yamefungwa ndani kwa ajili ya kosa la mahali pamoja. Ndiyo maana nalipinga lile shauri la faili moja. Kwa kuweka akiba, tusigawe kwa kisu, tugawe kwa maana. Kila gazeti na liwe na folda yake, kila ukurasa na faili lake, na jina lionyeshe mwaka na ukurasa. Hapo ukurasa mmoja ukioza, umeoza peke yake. Mwenye shamba hatii mavuno yote katika ghala moja, halafu akatupa ufunguo.

Kisha kuna kuhakikisha. Mali bila daftari hupotea bila habari. Iko hesabu iitwayo SHA-256, ambayo hulisoma faili lote na kutoa alama 64 za tarakimu na herufi. Ikibadilika biti moja tu ndani ya faili, alama zile hubadilika kabisa. Ile ile 7-Zip yaweza kuitoa. Basi kila faili na liandikiwe namba yake ya ukaguzi katika daftari, na daftari lichapishwe hata kwa karatasi. Kila mwaka wanafunzi wa kilabu cha kompyuta wafanye hesabu upya na kulinganisha. Kazi hiyo ni ya alasiri chache, nayo ni somo zuri kuliko michezo mingi tuichezayo huko.

Najua wako watakaosema: kwa nini taabu yote hiyo, na hifadhi ya intaneti ipo? Tuweke kwa Google, wao watatutunzia. Nawajibu kwamba hifadhi hiyo ni nzuri kwa nakala moja, si kwa zote. Akaunti ya bure ina gigabaiti 15, na sisi tuna 50. Picha ambazo Google ilikuwa ikizipokea bure bila kikomo ilikuwa ikizipunguza, na hata hiari hiyo ilikoma Juni 2021. Tena tangu Desemba 2023 imeanza kufuta akaunti za watu binafsi zisizotumika kwa miaka 2. Katibu wa chama akihama, akafa, au akasahau nywila, historia ya shule nzima itafutwa na mashine isiyotujua.

Wako wengine watakaosema kinyume: tuache mambo ya mashine, makaratasi yametosha. Hao nao nawaomba wakumbuke Septemba 2020, moto ulipoliunguza jengo kuu la Chuo Kikuu cha Makerere. Kama moto waweza kuingia pale, kabati letu lenye mchwa lina kinga gani? Karatasi ina adui zake na diski ina zake. Kwa kuwa adui hao si wamoja, yafaa tuwe na vyote viwili.

Basi maoni yangu kwa chama na kwa Mkuu wa Shule ni haya.

Kwanza, kila ukurasa uskaniwe kwa ukubwa wake, ukatunzwe kwa mtindo usiotupa kitu, kama PNG au TIFF. Hizi ndizo ziitwe za asili, na asiruhusiwe mtu kuzipunguza.

Pili, kutoka katika hizo zitengenezwe nakala ndogo za kutumwa. Hizo na zikamuliwe, zipelekwe kwa simu, zifurahiwe na kila mtu. Na atumaye picha ambayo anataka ifike nzima, asiitume kama picha bali kama faili, maana WhatsApp huipunguza ile ya kwanza na kuiacha ya pili kama ilivyo.

Tatu, tukitaka kufunga mafaili pamoja, tutumie mtindo ambao kanuni zake zimetangazwa wazi, kama zipu, ili yeyote ajaye baadaye aweze kutengeneza programu ya kuufungua. Tusijidanganye pia kwamba kuzitia picha za JPEG katika zipu kutazipunguza sana. Zimekwisha kubanwa, na robota halishindiliwi mara mbili.

Nne, ziwepo nakala tatu za asili: moja shuleni, moja kwa chama, na moja mji mwingine kabisa. Kila moja na iwe na daftari la namba za ukaguzi.

Tano, makaratasi yasitupwe. Yatiwe dawa ya mchwa, yafungwe vizuri, na kama kabati lahitajiwa sana, basi litengenezwe sanduku la mbao. Wahenga walituasa tusiache mbachao kwa msala upitao. Diski ni msala upitao, kama flopi zilivyopita. Karatasi imekwisha kutuonyesha kwamba yaweza kungoja.

Nina neno moja tena kwa wasomaji wa kurasa hizi za Kiswahili. Mwaka 2022 Serikali yetu iliamua kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Watakuja watoto watakaouliza: je, hapa Uganda walikuwako wanafunzi walioandika Kiswahili zamani, na walikiandikaje? Jibu limo katika kurasa zile zilizoanza kuliwa pembeni. Humo mna mashairi ya watoto ambao leo ni wazee, na majina ambayo pengine hayamo mahali pengine popote. Kila jina lilikuwa la mtu aliyekaa katika madarasa haya.

Gharama ya kuyaokoa ni diski tatu, programu ya bure, na subira. Hiyo ya mwisho ndiyo itakayotupa shida, maana kila mmoja wetu apenda kulipata faili leo, na liwe dogo. Nawasihi wakubwa wetu wa chama wayafikiri maneno haya katika mkutano wao, kabla skana haijawashwa na kabla kabati halijafunguliwa. Sisi wanafunzi tuko tayari kwa kazi: tutapanga kurasa, tutaandika majina, tutakagua namba. Tunaomba jambo moja tu, kwamba asitupe mtu hata karatasi moja.